Kuimba kwa Mtindo wa Opera Bila Kuumiza Koo: Mwongozo wa Wiki Nane za Mwanzo

Wanaoanza kujifunza sauti huuliza maswali yaleyale matatu. Nifanyeje sauti yangu iwe kubwa? Mbona inakatika nikipanda juu? Mbona koo linauma baada ya nyimbo mbili tu? Kwa sehemu kubwa jibu ni moja: koo limebebeshwa kazi ya pumzi. Ukiipa pumzi kazi yake na ukiliacha koo huru, ukubwa wa sauti utakuja wenyewe, ingawa utakuja polepole.

Ni kweli kwamba mwimbaji wa opera husikika juu ya okestra nzima bila kipaza sauti. Hasikiki kwa sababu anapiga kelele kuliko tarumbeta. Nguvu kubwa ya okestra iko kwenye masafa ya chini (sauti nzito), karibu Hz 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, na hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Sauti iliyofunzwa vizuri, hasa ya kiume, hukusanya nguvu nyingi karibu na Hz 3000, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la binadamu ni kali sana. Nadharia inatosha hapo. Hatua zinazofuata zinakujengea mwangwi wa namna hiyo (mvumo wa sauti ndani ya koo na kinywa, si ule wa kuta), bila kuongeza msukumo.

Vitu vya kuwa navyo

- Chumba kitulivu kisicho na mwangwi mwingi. Bafuni usifanyie mazoezi, kwa kuwa kuta zake huipendezesha kila sauti, hata mbovu.
- Kioo kinachokuonyesha kuanzia kichwani hadi kiunoni.
- Kinanda, au programu ya kinanda kwenye simu. Katika mwongozo huu C4 ni C ya kati ya piano. C3 iko oktava moja chini yake, na C5 oktava moja juu.
- Metronomu (kipima mapigo ya muziki), ya kifaa au ya simu.
- Simu ya kujirekodi. Iweke mita 2 kutoka ulipo. Ukiiweka karibu na mdomo itanasa pumzi na kelele za koo, na utajihukumu vibaya.
- Mrija wa kunywea wenye upana wa milimita 5 au 6, na chupa yenye maji hadi nusu.
- Mkeka, kitabu chenye uzito wa kilo moja hivi, na daftari.

Kabla ya kutoa sauti yoyote

Ikiwa sauti yako imekauka kwa zaidi ya wiki mbili, ikiwa unahisi maumivu unapoongea, au umewahi kutema damu, acha mwongozo huu na umwone kwanza daktari wa masikio, pua na koo. Ukiwa na mafua makali usiimbe. Na usiimbe kamwe ukiwa umetumia vidonge vinavyotia ganzi koo: maumivu ndiyo kengele yako, na ganzi huizima kengele wakati nyumba inaungua.

Kuhusu maji, wengi hunywa glasi nzima dakika moja kabla ya kuimba wakidhani wanalowesha nyuzi za sauti. Maji hayafiki huko. Yanapita njia ya chakula, na nyuzi za sauti zimo kwenye njia ya hewa. Unyevu hufika kupitia mwili mzima, kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Mlo mzito uachane na mazoezi kwa saa moja na nusu hadi mbili, maana tumbo lililojaa halikiachii kiwambo, msuli wa pumzi ulio juu ya tumbo, nafasi ya kushuka.

Hatua ya 1: Simama

Panga miguu kwa upana wa nyonga, mmoja mbele kidogo. Legeza magoti. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa, vuta pumzi, kisha shusha mikono bila kukishusha kifua. Hapo kifua kilipobaki ndipo kitakaa muda wote wa kuimba. Angalia kwenye kioo kwamba kidevu hakijanyanyuka. Kidevu hupanda noti zinapopanda, na hilo huvuta misuli ya mbele ya shingo hadi zoloto likose nafasi. (Zoloto ni kile kifundo kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza. Kijue, tutakirudia.)

Hatua ya 2: Pumzi

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi. Ipe wiki mbili nzima kabla ya kudai chochote kutoka kwa sauti.

a) Lala chali kwenye mkeka, magoti juu, kitabu juu ya tumbo. Vuta pumzi kimya kimya hadi kitabu kipande. Ukisikia mlio wa hewa kooni, njia imebana. Fikiria unaanza kupiga miayo na mlio utaondoka. Fanya mara 10.

b) Simama. Weka viganja kwenye mbavu za chini, vidole gumba vikielekea mgongoni. Vuta pumzi hadi mbavu zisukume viganja pembeni. Mabega yasitikisike.

c) Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika. Vuta kwa mapigo 4, toa kwa “sss” nyembamba iliyo sawa kwa mapigo 12. Kila siku mbili ongeza mapigo 2. Ukifika 24 bila “sss” kutetereka mwishoni, inatosha. Kutafuta 60 ni mashindano ya bure.

d) Vuta kwa mapigo 4, simamisha pumzi kwa mapigo 4 huku koo likiwa wazi, toa kwa mapigo 4. Kisha 5-5-5, kisha 6-6-6. Simama unapofika 8. Kwenye ile sehemu ya katikati, pumzi izuiwe na mbavu zilizobaki wazi. Koo lisifunge mlango. Ukisikia mlipuko mdogo unapoanza kutoa, basi ulikuwa umelifunga.

Sasa, lile agizo maarufu la “imba kwa tumbo” linahitaji kusahihishwa, kwa sababu limeharibu sauti nyingi. Wanaolisikia hukaza tumbo na kulisukuma ndani kwa nguvu. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ni msuli wa kuvuta pumzi, wala huwezi kusukuma sauti nao. Unachoweza ni kukichelewesha kisirudi juu haraka. Waitaliano huita hali hii apojo, yaani kuegemea: unaimba huku mbavu zikiwa bado zimefunguka, kana kwamba hujamaliza kuvuta pumzi. Tumbo la chini linaingia taratibu lenyewe. Mbavu zikianguka kwenye noti ya kwanza, pumzi yote inamwagika juu ya nyuzi za sauti, nazo hujilinda kwa kubana. Hapo ndipo maumivu ya koo huanzia.

Usijaze pumzi hadi pomoni. Asilimia 70 au 80 ya unachoweza kuvuta hutosha kwa mstari mrefu. Mapafu yaliyojaa kupita kiasi hutaka kuimwaga hewa nje, na utatumia nguvu kuyazuia.

Hatua ya 3: Mrija

Zamisha ncha ya mrija sentimita 2 ndani ya maji. Funga midomo kuuzunguka na toa sauti ya “u” kupitia mrija, ukianza chini na kupanda hadi juu kisha kurudi, kama king'ora. Mapovu yatoke sawasawa. Yakiruka kwa vishindo, unasukuma, yakikatika, umebana. Fanya dakika 5 kila siku kabla ya zoezi lolote la sauti. Maji hurudisha shinikizo dogo nyuma hadi kooni, na shinikizo hilo hufanya nyuzi za sauti zikutane kwa upole badala ya kugongana.

Ziba pua kwa vidole katikati ya zoezi. Sauti isibadilike. Ikikatika, hewa ilikuwa inavuja puani.

Usipopata mrija, tetemesha midomo kama mtoto anayeigiza gari, ukipanda na kushuka vilevile. Midomo ikikataa kutetemeka, sukuma mashavu juu kidogo kwa vidole viwili.

Hatua ya 4: Kuanza noti

Noti huanza kwa namna tatu. Hewa ikitangulia, unasikia “ha”. Nyuzi zikifunga kwanza kisha zikalipuliwa, unasikia mlio wa kugonga, kama mlango mdogo unaogongwa. Tunayoitaka ni ya tatu: hewa na nyuzi vinaanza pamoja, noti inakuwepo tu bila kelele yoyote mbele yake.

Chagua noti iliyo karibu na sauti yako ya kuongea. Imba “i” fupi mara tano, kila moja kwa pigo moja, kisha ya sita ishikilie kwa mapigo 4. Rudia kwa “e”, kisha “a”. Kati ya noti fupi usivute pumzi. Rekodi na usikilize mwanzo tu wa kila noti. Makosa ya kugonga ni mabaya kuliko ya kupuliza: kugonga kila siku kwa miezi huweza kuzalisha vinundu kwenye nyuzi za sauti.

Hatua ya 5: Ng' kisha A

Hapa msemaji wa Kiswahili ana mtaji. Sauti ya ng' kama kwenye “ng'aa” huwapa shida wasemaji wa lugha nyingine nyingi inapokaa mwanzoni mwa neno. Wewe unayo tangu utotoni, nayo ni miongoni mwa mazoezi bora ya mwangwi.

Shikilia ng' kwa mapigo 4 kwenye noti ya katikati. Utahisi mtetemo puani na chini ya macho. Kisha, bila kukata sauti, fungua kuwa “a” kwa mapigo 4: nyuma ya ulimi inashuka, kaakaa laini (sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa) linapanda. Mlio ubaki mkali vilevile, ila usipite tena puani. Ziba pua kwenye “a” uhakikishe. Panda nusu toni moja moja (hatua hadi kibonye kinachofuata cha kinanda, cheupe au cheusi), noti sita hivi, kisha rudi.

Angalia usiseme “ng” ya “ngoma”. Ile ina mlipuko mwishoni, na ulimi hurudi nyuma ukaziba koo.

Hatua ya 6: Irabu tano

Kwenye noti moja, pumzi moja, imba i-e-a-o-u, mapigo 2 kila irabu. Taya lisitafune, kati ya “i” na “e” linashuka kidogo tu, na kazi nyingine yote ni ya ulimi na midomo. Ncha ya ulimi igusane na meno ya chini muda wote.

Irabu za Kiswahili ni safi, haziteleziteleziki kama za Kiingereza, na ziko karibu sana na za Kiitaliano, lugha iliyobeba sehemu kubwa ya opera. Tofauti ya kujua mapema ni kwamba Kiitaliano kina “e” mbili na “o” mbili, ya wazi na ya kufunga, hivyo irabu zake ni saba kwa masikio.

Unapoimba Kiswahili, tahadhari na mb, nd, nj. Mwimbaji huganda kwenye “m” au “n” na irabu inachelewa nyuma ya pigo. Irabu ndiyo ikae juu ya pigo. Konsonanti itangulie kwa haraka. Lakini “m” ya “mtu” ni silabi kamili, ina noti yake, na inatakiwa iwe kwenye toni kama irabu yoyote.

Hatua ya 7: Skeli ya noti tano

Do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do, kwa “a” au kwa “vi-a”, mapigo 72 kwa dakika, noti mbili kila pigo. Pandisha do kwa nusu toni kila unaporudia. Mipaka ya mwezi wa kwanza ni hii:

- Soprano: do kuanzia C4 hadi A4 (noti ya juu E5)
- Mezo na alto: do kuanzia A3 hadi G4 (juu D5)
- Tena (sauti ya juu ya kiume): do kuanzia C3 hadi A3 (juu E4)
- Baritoni: do kuanzia A2 hadi F3 (juu C4)
- Besi: do kuanzia G2 hadi D3 (juu A3)

Hujui sauti yako ni ipi? Anza na mipaka ya mezo kwa mwanamke, ya baritoni kwa mwanaume. Na usijipe jina haraka. Kwaya nyingi humpanga mtu alto kwa sababu tu ana sikio zuri la kushika sauti ya pili, akakaa huko miaka kumi na soprano yake haijawahi kuamshwa. Aina ya sauti haipimwi kwa noti ya juu uliyowahi kuifikia. Hupimwa kwa mahali unapokaa bila kuchoka, rangi ya sauti, na mahali inapogeuka. Wiki nane hazitoshi kutoa hukumu hiyo.

Hatua ya 8: Mpito

Kila sauti ina eneo inapotaka kugeuka kutoka uzito wa kifuani kwenda wepesi wa kichwani. Kwa sauti ya tena ni karibu na E4 hadi F♯4 (♯ ni nusu toni juu ya noti, ♭ ni nusu toni chini yake), kwa baritoni karibu na C♯4 hadi E♭4, kwa soprano karibu na E5 hadi F♯5. Wanawake wana mpito mwingine chini, karibu na E4. Zoezi la mpito usiliguse kabla ya wiki ya tano.

Kosa kuu ni kuburuta sauti ya kifuani juu kwa nguvu. Itakwenda noti mbili tatu, halafu itapasuka. Kwa hiyo zoezi linatoka juu kuja chini: so-mi-do kwa “u”, kwa sauti ya wastani, wepesi wa so ukiteremshwa hadi do. Wanawake waanze na do kwenye F4, wenye sauti ya tena kwenye F3, baritoni na besi kwenye D3. Panda nusu toni moja moja, mara nne au tano tu.

Ukikaribia mpito, wanaume waiegemeze “a” kuelekea “o”, taya lisipanuke kwa pembeni, na sauti isiongezwe. Ndani yako utaisikia kama imepungua. Ikague kwa rekodi ya mita 2 kabla hujaamini masikio yako.

Wanawake wana jambo la ziada. Mwangwi wa kwanza wa “i” na “u” uko karibu na Hz 300, na F5 ina Hz 698. Ukishikilia “i” nyembamba kwenye noti hiyo, noti imepanda juu ya mwangwi wa kinywa chako na lazima isikike kavu. Fungua taya kadiri unavyopanda na iache irabu ielekee “a”. Maneno yatapoteza ukali wake hapo juu, na hiyo ni fizikia. Si uzembe wako.

Hatua ya 9: Kukuza na kupunguza

Kuanzia wiki ya saba. Noti moja ya katikati, “a”, anza kidogo, kuza kwa mapigo 4, punguza kwa mapigo 4. Mara tatu kwa siku zinatosha. Sehemu ya kupunguza ndiyo ngumu, na ndiyo itakayokuonyesha kama mbavu zimebaki wazi.

Hatua ya 10: Wimbo wa kwanza

Chagua wimbo ambao umbali kati ya noti ya chini kabisa na ya juu kabisa hauzidi noti tisa, wenye mwendo wa pole na misemo mifupi. Arya kubwa za opera (nyimbo za mwimbaji mmoja) ziache. Ziliandikwa kwa miili iliyofunzwa kwa miaka, na kuzing'ang'ania mapema hufundisha koo tabia mbaya ambazo huchukua muda mrefu kuzifuta.

Fanya hivi: soma maneno kwa sauti katika mdundo bila kuimba. Imba melodia yote kwa mrija. Imba kwa irabu zake tu, konsonanti zote zimeondolewa. Mwishoni rudisha konsonanti. Weka alama za kuvuta pumzi kwa penseli kabla ya kuanza, na uzifuate kila mara.

Ratiba

Dakika 25 kwa siku, siku 5 au 6 kwa wiki: pumzi 6, mrija 5, kuanza noti na ng' 5, irabu na skeli 9. Wiki ya 1 na 2 fanya hatua ya 1 hadi ya 3 pekee. Wiki ya 3 na 4 ongeza ya 4 hadi ya 7. Wiki ya 5 na 6 ongeza mpito, wiki ya 7 na 8 kukuza sauti na wimbo, ukipunguza skeli ili muda usizidi. Vipindi viwili vya dakika 15 vina faida kuliko kimoja cha 40. Ukiweza kupata mwalimu hata mara moja kwa mwezi, mpate. Anachokiona kwenye shingo yako huwezi kukiona mwenyewe. Mwalimu anayekuambia uvumilie maumivu, mwache siku hiyohiyo.

Mambo yakiharibika

*Sauti inapasuka kwenye noti ileile kila siku.* Umebeba uzito kutoka chini. Anza skeli kwa sauti ndogo zaidi, na usiiongeze unapopanda. Noti tatu kabla ya mpito ndizo zinazohitaji kutengenezwa.

*Unashuka chini ya toni.* Mara nyingi mbavu zimeanguka au irabu imekuwa nzito na ya nyuma. Rudi kwenye ng' kisha “a” kwa noti hiyohiyo.

*Unapanda juu ya toni.* Pumzi inasukumwa kupita kiasi. Punguza sauti kwa theluthi moja.

*Sauti inatoka puani.* Kaakaa laini limelala. Imba “ga-ga-ga” polepole kwenye skeli. Mlipuko wa “g” hulifunga kaakaa na kulifundisha kukaa juu.

*Mtetemo wa sauti ni mpana na wa polepole.* Mtetemo wenye afya huzunguka karibu mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Ukiwa wa polepole zaidi, unaimba kwa nguvu nyingi au kwa uzito mwingi. Ukiwa wa haraka kama mbuzi, koo au mzizi wa ulimi umekaza. Bonyeza kidole gumba chini ya kidevu unapoimba. Hapo pawe laini. Usijaribu kuutengeneza mtetemo kwa kutikisa taya au tumbo.

*Taya linatetemeka.* Weka vidole viwili vya shahada kwenye mashavu, kati ya meno ya juu na ya chini, uimbe skeli hivyo kwa siku kadhaa.

*Kizunguzungu.* Umevuta na kutoa hewa haraka mno. Kaa chini, pumua kawaida dakika 2, punguza idadi ya marudio.

*Miayo haikatiki.* Hakuna ubaya. Koo linajifungua.

*Unataka kusafisha koo kila dakika.* Kukohoa kwa makusudi huzikwaruza nyuzi na kuzalisha makohozi zaidi. Meza mate au maji kidogo badala yake.

*Sauti ni kavu kila asubuhi, mchana inatulia.* Yawezekana asidi ya tumbo inapanda usiku. Acha saa 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala, na uinue upande wa kichwa wa kitanda. Isipobadilika, mweleze daktari.

*Sauti imekauka siku moja baada ya mazoezi.* Pumzisha kwa kunyamaza kabisa, si kwa kunong'ona; wengi wakinong'ona hukaza zoloto kuliko wanapoongea kwa upole. Siku inayofuata fanya mrija dakika 3 tu. Ikisikika safi, endelea na nusu ya mazoezi. Isiposikika safi, nyamaza siku nyingine, kisha fungua daftari uangalie ni noti gani uliilazimisha juzi.